Kuhesabu Watoto wa Watu

Somo la leo ni la wauguzi, walimu na wote waingiao nyumba za watu kwa kazi ya watoto.

Tuchukue mfano. Mwuguzi kijana amepelekwa kazini mbali na kwao. Apiga hodi, akaribishwa, na hata kabla hajaketi vema afungua daftari. "Mama, una watoto wangapi?" Mama atazama chini. "Wapo, dada." Mwuguzi aandika wale wawili aliowaona uani, kisha aondoka akinung'unika kwamba mama huyu ni mkaidi.

La, si mkaidi. Kwa Wakikuyu na Wamaasai, kama kwa makabila mengine, ni mwiko wa tangu zamani kutaja idadi ya watoto. Wazee waliamini kwamba kuwahesabu huwaletea msiba. Lakini ndani amelala mtoto wa miezi 9, umri wa kuchanjwa surua mara ya kwanza, naye hakuandikwa.

Je, angefanyaje? Kwanza angewasalimu wote, akianza na nyanya wa nyumba ile. Kisha angesema, "Mama, nitajie majina ya watoto, kuanzia kifungua mimba." Angeandika kila jina na umri wake. Hesabu angeifanya mwenyewe njiani, kimya kimya.

Basi mkijibiwa kwa mkato, msikasirike upesi. Huenda swali ndilo lililokosea njia. Mwulizeni mwenyeji mmoja mambo ya desturi kabla ya kupiga hodi. Kuuliza si ujinga. Kwaherini.