Rangi Haitoshi: Uainishaji wa Vipepeo wa Kahawia

Makala hii inatetea hoja moja: hatuwezi kuwaainisha vipepeo wa kahawia sawasawa bila kuyajua maisha yao. Vitabu vya zamani viliwapa familia yao wenyewe, Satyridae. Leo wanahesabiwa kuwa nusufamilia ya Satyrinae, yenye spishi zaidi ya 2,000, ndani ya familia pana ya Nymphalidae. Rangi siyo iliyowaweka huko. Mtazame mmoja wao akitua: anasimama kwa miguu minne tu, kwa kuwa ile miwili ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani, kama ilivyo kwa Nymphalidae wengine. Wengi wana mshipa uliovimba penye shina la bawa la mbele, na viwavi wao, wenye mkia wa ncha mbili, kwa kawaida hula majani ya jamii ya nyasi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa Bicyclus anynana, kipepeo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Anayetoka katika pupa wakati wa mvua ana madoa makubwa mfano wa macho chini ya mabawa: kitone cheupe ndani ya duara jeusi, lililozungushiwa pete ya manjano. Anayetoka wakati wa kiangazi ana vidoa visivyoonekana kwa urahisi, naye amefanana na jani kavu. Mtu aliyewaona wamechomwa pini tu angeapa kwamba ni spishi mbili. Lakini katika ukoo wa maabara ulioanzishwa mwaka 1988 kwa vipepeo wa Nkhata Bay, Malawi, viwavi wa mama mmoja wakilelewa kwenye nyuzijoto 27 huwa vipepeo wenye madoa makubwa kama wale wa mvua, na ndugu zao wa nyuzijoto 17 huwa na madogo kama wale wa kiangazi. Tofauti hiyo ya joto hubadili mwenendo wa homoni ya ekdisoni, ambayo huamua ukubwa wa doa. Kila umbo lina kazi yake. Mvua zinyeshapo, vunjajungu hurukia doa la pembeni, na kipepeo huponyoka na bawa lililochanika. Kiangazi, akiwa ametulia juu ya majani makavu, doa kubwa lingemfichua kwa ndege.

Wapo watakaosema kwamba mtafiti aliye porini anahitaji alama za kuonekana kwa macho. Ni kweli, lakini alama hizo hizo hupotosha pande zote mbili. Jenasi ya Bicyclus ina spishi zipatazo 100, zote za Afrika, na nyingi zimefanana mno. Mara nyingi hutofautishwa kwa vishungi na mabaka ya manukato kwenye mabawa ya dume. Basi rangi huigawa spishi moja ikawa mbili, na huziunganisha mbili zikawa moja. Wengine watauliza: kwa kuwa tuna vinasaba, kufuga kwa nini? Vinasaba huonyesha undugu, ila peke yavyo havielezi kwa nini ndugu wa tumbo moja wametofautiana hivyo.

Kwa hiyo, kibandiko cha kila sampuli kitaje mahali, tarehe na hali ya msimu, na pale inapowezekana jike awekwe ndani ya chandarua chenye nyasi zilizooteshwa chunguni ili atage. Kwenye joto, kizazi kizima hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, na watoto wake watatoa ushahidi ambao bawa moja kavu haliwezi kuutoa.