Baiskeli Juu ya Basi

(Mazungumzo ya mhitimu mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya safari zetu za kuja shuleni. Wenzangu wamekwisha kusema juu ya vumbi na mabasi mabovu. Mimi nitasema juu ya baiskeli moja tu.

Mwaka 1981 nilikuwa Kidato cha Tano. Kutoka barabara kuu hadi hapa ni mwendo mrefu, nanyi mnaujua. Baba aliniazima baiskeli yake, Phoenix nyeusi, ili nisitembee na sanduku kichwani. Siku zile tairi na tyubu hazikupatikana ovyo, na mwenye baiskeli nzima alihesabiwa kuwa ana mali. Nikapanda basi Morogoro asubuhi, tukaelekea Iringa.

Utingo alikuwa kijana wa umri wangu. Alipanda ngazi ya nyuma, akaniambia, "Kaka, fungua pedali, geuza usukani ulale sawa na fremu, halafu nipe nifunge." Spana nilikuwa nayo mfukoni. Lakini nilikuwa nimevaa sare, na abiria walikuwa wakitazama. Nikamjibu kwamba mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tano, na kufunga baiskeli najua. Nikapanda mwenyewe, nikafunga gurudumu la mbele kwa kamba ya katani, nikashuka kuwahi kiti cha dirishani.

Tulipita Mikumi, tukapita Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga. Aliyepita pale anazijua zile kona: basi hulala upande huu, kisha upande ule. Tukasikia kishindo juu ya paa. Tulipofika Ilula basi likasimama. Gurudumu lilikuwa limezunguka, kamba imelegea, na baiskeli imeangukia tenga la kuku la mama mmoja. Pedali ilikuwa imezama ndani ya tenga. Kuku wanne walikuwa wamekufa.

Kondakta hakuuliza. Alimgombeza utingo mbele ya watu, akasema kuku wote watakatwa katika posho yake. Yule kijana alinitazama mara moja, akanyamaza. Mimi nikageuza uso nikatazama mlimani.

Niliposhuka, ndiye aliyeniteremshia baiskeli. Akabana gurudumu katikati ya magoti, akaunyoosha usukani, akasema, "Kaka, siku nyingine fungua pedali." Basi likaondoka.

Muhula uliofuata nilishinda kituoni siku nzima na fedha mfukoni nikimtafuta. Niliambiwa ameacha kazi, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Sikumwona tena.

Wadogo zangu, kupakia baiskeli ni kazi yenye utaratibu wake. Fungua pedali zote mbili. Ya kushoto huzungushwa kinyume, hivyo usilazimishe spana. Geuza usukani. Pampu na taa chukua mkononi. Baiskeli ipakiwe baada ya magunia mazito, wala isiwe chini yake, na upande wa mnyororo utazame juu. Funga fremu; gurudumu huzunguka, na spoki hupinda. Vipande vya mpira wa tyubu kuukuu hushika kuliko kamba. Hata kama basi la leo lina buti chini, mambo ni yale yale. Na tazama kilichopo jirani na baiskeli yako: kina mwenyewe.

Mjini Seattle, Marekani, mabasi ya mji yana keria mbele ya kioo, na mwenye baiskeli huipakia mwenyewe. Ikianguka, anajua ni mkono wa nani uliofunga. Mimi pia nilijua, pale Ilula.

Shule hii ilinifundisha hesabu na fizikia, nami nashukuru. Lakini yule kijana, ambaye hakupata nafasi ya kukaa katika madawati haya, alinishinda kwa ufundi, akanishinda na kwa uungwana. Nimekaa na jambo hili miaka mingi bila kumwambia mtu, hata marehemu baba, aliyeniuliza usukani ulikwaruzwa na nini.

Basi, mtu akilaumiwa kwa fundo ulilofunga wewe, simama useme hapo hapo, kabla basi halijaondoka.