Mazungumzo Baada ya Habari: Michezo ya Vijana na Upanuzi wa Uanachama

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, inayosimamiwa na shirikisho la FEASSSA, ilifanyika Mbale na Bukedea. Mji mdogo wa Nakaloke, ulio kaskazini ya Mbale, upande wa kuelekea Bukedea na Soroti, ulikuwa katikati ya ugeni huo. Ugeni wa namna hiyo unazusha swali linalostahili kujibiwa kwa utulivu: je, mashirikisho ya michezo ya shule na vyuo yapokee wanachama wapya kadiri Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyopanuka?

Jumuiya hiyo ilianza upya mwaka 2000 ikiwa na nchi 3. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Nchi 3 zimekuwa 8.

Wanaopinga upanuzi wana hoja nzito. Timu 8 zikikutana zote kwa zote, zinacheza mechi 28. Timu zikiwa 16, mechi zinafika 120. Nani atalipa chakula, malazi na nauli? Mzazi wa Nakaloke anayeuza mazao ili alipe karo hawezi kubebeshwa mzigo huo. Hata hivyo, hoja hii ina jibu. Timu 16 zikigawanywa katika makundi 4, kisha zikatolewa kwa mtoano, mshindi anapatikana kwa mechi 32 tu, pamoja na ile ya kumpata mshindi wa tatu. Tatizo basi ni la mpango zaidi kuliko la idadi.

Historia nayo inafundisha. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 likiwa la Kenya na Uganda peke yake. Baadaye mashindano hayo yalikua yakawa Kombe la CECAFA, ambalo Uganda ilikuwa ya kwanza kulitwaa mwaka 1973. Walipoingia wageni kutoka kusini, ushindani ulikuwa mkali: Malawi ilitwaa kombe mwaka 1978 na 1979, Zambia mwaka 1984, Zimbabwe mwaka 1985. Uganda haikuangamia kwa sababu hiyo. Ilirudi ikashinda mwaka 1989 na 1990. Lakini nchi hizo za kusini zilikuja kuwa na chama chao, COSAFA, kilichoundwa mwaka 1997. Funzo ni kwamba mpinzani hodari humwamsha mwenyeji, bali umoja uliotandazwa mbali mno hukatika.

Askari wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Umoja wa wakuu wa polisi wa kanda hii, EAPCCO, ulioundwa mwaka 1998, una nchi wanachama 14, kwa kuwa mhalifu haheshimu mpaka. Zamani, katika kikosi cha nne cha King's African Rifles kilichokuwa na makao yake Jinja, vijana wa makabila mbalimbali waliunganishwa na nidhamu moja na lugha moja, Kiswahili. Kijana wa Goma na kijana wa Mbale wanaweza kuelewana kwa lugha hiyo hiyo uwanjani.

Kwa hiyo mlango ufunguliwe, ila uwe na bawabu. Kwanza, kila mwanachama mpya athibitishe umri na masomo ya wachezaji wake, maana mtu mzima aliyevaa sare ya shule ni mwizi wa nafasi ya mtoto. Pili, mchujo ufanyike karibu na nyumbani, ili washindi tu ndio wasafiri mbali. Tatu, gharama zikubaliwe kabla ya mwaliko kutolewa.

Kijana aliyeshindana na jirani yake kwa haki, akampa mkono baada ya kipenga cha mwisho, si rahisi kumshawishi kesho amwone jirani huyo kuwa adui. Hiyo ni faida ambayo walinzi wa mipaka ndio wa kwanza kuiona.