Saa Moja Asitumwe

Leo redioni nazungumza na wazazi na walezi kuhusu mtoto anayesomea nyumbani.

Wengi wetu tumepanga chumba kimoja au viwili, na humo humo tunapika, tunakula na kulala. Msikate tamaa. Hata humo mtoto anasoma vizuri, mradi apate muda ambao hakuna atakayemtuma.

Mtazameni binti wa darasa la sita. Amerudi shuleni, amefungua daftari la hisabati, ameandika swali la kwanza. "Njoo ushike mtoto!" Anarudi kukaa. "Kimbia dukani, chumvi imeisha!" Anarudi tena. "Na vyombo je?" Giza linaingia, yuko kwenye swali lile lile. Kaka yake yuko uwanjani tangu saa 10, na hakuna aliyemwita. Hili linaniuma sana, kwa sababu matokeo yakitoka tunasema binti hana akili.

Tengeni saa moja, tuseme kuanzia saa 11 jioni, na kazi za nyumbani wagawane wote, wa kike na wa kiume. Jioni jua bado lipo, na mwanga wake ni wa bure. Tena mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala si chini ya saa 9. Anayeamka saa 11 alfajiri awahi daladala, saa 2 usiku awe ameshalala. Akianza hesabu baada ya chakula cha usiku, kesho atasinzia darasani.

Ikibidi asome usiku, taa isogezwe. Ikiwa mita moja kutoka kwenye daftari, ukiileta nusu mita, mwanga unaofika pale unaongezeka takribani mara 4. Anayeandika kwa mkono wa kulia, taa ikae kushoto kwake, kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Anayetumia kushoto, kinyume chake. Kibatari mkiweza kiacheni, mtafute taa ndogo ya sola. Moshi wa kibatari unaumiza kifua, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani.

Meza si lazima. Ubao juu ya stuli mbili unatosha. Televisheni izimwe, na redio pia, hata kama ni kipindi hiki.

Na wewe mzazi usiyeijua hisabati ya darasa la sita, kaa karibu naye ukichambua mchele wako. Akimaliza, mwambie akueleze alivyofanya. Pale atakapokwama kueleza, aweke alama kwenye daftari, kesho amuulize mwalimu.