Kasisi, Kalamu na Kiti cha Utawala



Mara nyingi huulizwa: kasisi ana shughuli gani na siasa? Naomba tulijibu swali hilo kwa kumtazama Padre Walter Lini wa Vanuatu, nchi ya visiwa vipatavyo 80 katika Bahari ya Pasifiki.

Lini alizaliwa mwaka 1942 katika kisiwa cha Pentecost. Nchi yake, iliyoitwa New Hebrides, ilitawaliwa kwa ubia na Uingereza na Ufaransa tangu mwaka 1906. Palikuwa na polisi wa namna mbili na magereza ya namna mbili, lakini mwenyeji hakuhesabiwa raia wa upande wowote.

Alipokuwa akisomea theolojia Auckland, New Zealand, alishirikiana na wenzake wa visiwani kuanzisha jarida la wanafunzi. Alipadrishwa mwaka 1970 katika Kanisa la Kianglikana. Mwaka uliofuata, yeye, Donald Kalpokas na Peter Taurakoto waliunda chama, na Lini akawa mhariri wa gazeti lao, New Hebridean Viewpoints. Kilio kikubwa kilikuwa ardhi, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imeangukia mikononi mwa wageni. Kasisi hakuona kwamba ameiacha madhabahu. Aliona kwamba anayemhubiria mtu habari za utu wake hana budi kuuliza ni nani aliyelitwaa shamba lake.

Novemba 1979 chama chake kilipata viti 26 kati ya 39. Tarehe 30 Julai 1980 nchi ikawa huru, naye akawa Waziri Mkuu. Katiba ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya wenyeji wa asili na vizazi vyao.

Ndugu zangu, tukiishia hapo tutakuwa tumejidanganya. Mamlaka yana ulevi wake, na kanzu si kinga. Kadiri miaka ilivyopita, wenzake waliompinga walifukuzwa mmoja baada ya mwingine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: aliyewahoji wakoloni aliona uzito kuhojiwa na ndugu zake.

Mwaka 1991 mkutano wa chama ulimwondoa katika uongozi, kisha Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani naye. Aliyekikalia kiti chake ni Kalpokas, yule yule aliyeanza naye safari. Hapakulia bunduki. Lini alianzisha chama kingine, akaendelea na siasa hadi alipofariki mwaka 1999.

Basi, kasisi na ashike kalamu, na akiitwa na wananchi, agombee. Lakini tusimwachie nchi kwa sababu ya kanzu yake. Tumwombee, tumhoji, na tuilinde kura itakayomwondoa siku atakapokataa kuhojiwa.