Damu Ipimwe Kwanza: Mhadhara wa Umma, Magara



Nimekuja kuzungumzia hatari inayozuka pale dawa ya saratani inapofanya kazi vizuri. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa saratani aliouona kwenye mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Majibu yalifuata joto na mvua: nyanda za chini zenye malaria zilikuwa nao, milima ya baridi kwa nadra sana. Ziwa letu hapa Magara liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mbu tunawajua. Habari hii inatuhusu.

Uvimbe wa Burkitt hukua upesi mno. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo husikia dawa. Mtoto akipewa siklofosfamidi, taya hunywea kwa siku chache. Mama hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini chembe zilizokufa zimemwaga potasiamu na fosfeti ndani ya damu, pamoja na vitu vya kiini ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki. Asidi hiyo huganda kwenye mirija ya figo mithili ya chumvi kavu. Mkojo hupungua, potasiamu hupanda, moyo unaweza kusimama. Mtoto anakufa huku saratani yake ikiyeyuka, na hilo mimi siwezi kulizoea.

Kinga ya kwanza ni maji mengi ya dripu na alopurinoli. Alopurinoli huzuia asidi mpya isitengenezwe. Iliyokwisha kujaa haiigusi. Hapo ndipo inapohitajika rasburikesi. Ng'ombe na mbwa wana kimeng'enya kinachogeuza asidi ya yuriki kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kutoka na mkojo. Sisi binadamu tulikipoteza zamani. Wanasayansi walikipata kwenye ukungu uitwao Aspergillus flavus, ule ule unaotia sumu mahindi na karanga zetu zikihifadhiwa na unyevu. Jeni lake lilihamishiwa kwenye hamira, na dawa iliyotokana nacho, rasburikesi, ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2001, Marekani mwaka 2002. Hutiwa mshipani kwa nusu saa. Katika utafiti mmoja wa watoto, saa 4 baada ya dozi ya kwanza asidi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 86. Kwa waliopewa alopurinoli, asilimia 12.

Basi kwa nini tusiiagize tu? Kwa sababu kimeng'enya hiki kikifanya kazi huzalisha haidrojeni peroksaidi, na chembe nyekundu za damu hujikinga nayo kwa msaada wa kimeng'enya kingine kiitwacho G6PD. Upungufu wa G6PD umeenea kwenye nchi za malaria, maana humpunguzia mwenye nao makali ya ugonjwa huo. Huwapata zaidi wavulana. Na uvimbe wa Burkitt nao huwapata zaidi wavulana. Mtoto mwenye upungufu huo akipewa rasburikesi, chembe nyekundu hupasuka, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, midomo hugeuka buluu. Malaria iliyoandaa uvimbe ndiyo pia iliyoandaa damu isiyoihimili dawa.

Kwa hiyo nasema wazi: dawa hii isije ufukweni huku bila kipimo cha G6PD. Damu ichukuliwe siku mtoto anapolazwa, na kabla hajaongezewa damu, kwani chembe za mtu mwingine zitaficha upungufu wake; na watoto wetu wengi huongezewa damu kwa sababu ya malaria. Majibu yakichelewa, dripu na alopurinoli ziendelee. Akishapewa rasburikesi, damu ya kupima asidi iwekwe kwenye barafu papo hapo, maana kimeng'enya huendelea kuila asidi ndani ya chupa, na daktari atasoma nafuu ambayo mtoto hana.