Fyuzi Ndogo na Namna ya Kuichagua



Leo twapenda kusema nanyi juu ya kitu kidogo mno, kikombe chembamba cha kioo chenye urefu upatao nusu ya njiti ya kiberiti, ambacho watu wengi hawakijali mpaka siku kinapokatika. Kitu hicho ni fyuzi ya ndani ya redio, ya kikuza sauti cha msikitini au ya chombo kinginecho kitumiacho umeme kidogo.

Tangu mwaka 2010 kisiwa chetu cha Pemba hupata umeme kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ulitoka katika mitambo ya dizeli. Huku Vitongoji, upande wa mashariki wa Chake Chake, vyombo vya umeme vimezidi majumbani, na kwa hiyo yatupasa kuvijua vilinzi vyake.

Kazi ya fyuzi ni kufa ili chombo kipone. Mkondo ukipita kiasi, waya wa ndani huyeyuka na njia ya umeme hufungika. Lakini viko vyombo ambavyo, kila viwashwapo, huvuta mkondo mwingi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hutulia. Tazameni ngalawa: kuishusha majini kutoka mchangani hutaka watu wengi, bali ikisha kuelea, mtu mmoja mwenye pondo hutosha. Ndivyo ilivyo transfoma inapoanza kazi, na ndivyo zilivyo kapasita zinapojazwa.

Kwa sababu hiyo ziko fyuzi za namna mbili. Ya haraka huandikwa herufi F, na ya kuchelewa huandikwa T, herufi iliyotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya uvivu. Mkondo ukifika mara 10 ya kiasi kilichoandikwa, ile ya F hukatika kabla hazijapita sehemu 20 katika 1,000 za sekunde. Ile ya T hustahimili zaidi kidogo, ndipo ikatike. Uvivu huo si kasoro. Pasipo huo, chombo kizima kingekata fyuzi kila kiwashwapo.

Basi ikikatika, someni maandishi ya kofia zake za chuma, au yale ya nyuma ya chombo. Huenda mkaona: T 315 mA L 250 V. Maana yake ni hii: T ni ya kuchelewa, 315 mA ni miliampea 315, yaani chini ya theluthi ya ampea moja, L ni ya kioo, yenye uwezo mdogo wa kukata mkondo mkubwa sana, na 250 V ni volti ambazo haifai kuzipita. Palipoandikwa H hutakiwa ile ya kauri, ambayo aghalabu hujazwa mchanga; msitie ya kioo mahali pake. Wala msitie fyuzi ya motokaa ya volti 32 katika umeme wa nyumba wa volti 230, maana waya wake ukikatika, cheche yaweza kuendelea kuruka na moto usizimike.

Jihadharini pia na nukta. Ampea 3.15 na miliampea 315 hufanana machoni, lakini moja ni mara 10 ya nyingine.

Twafanye hesabu. Kikuza sauti cha wati 46 huvuta katika volti 230 ampea 0.2 tu. Mtu akikitia fyuzi ya ampea 2, au akaizungushia ile ya zamani karatasi ing'aayo ya sigara, transfoma ikiharibika yaweza kuvuta wati 400 na fyuzi isishituke. Joto hilo lote litakaa ndani ya sanduku dogo, pengine usiku, chini ya paa la makuti. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 haitaokoa kitu. Hiyo kazi yake ni kuulinda waya wa nje, na kwa chombo kidogo yafaa iwe ya ampea 3.

Kabla ya kutia mpya, chomoeni plagi, mkaitazame iliyokufa. Kioo kikiwa safi na waya umekatika katikati tu, huenda ilichoka, au mkondo ulizidi kidogo. Kioo kikiwa cheusi au kimepakaa rangi ya fedha, mkondo mkubwa ulipita ghafula. Chombo na kipelekwe kwa fundi kwanza. Na ile mpya ikikatika mara moja, msitie ya tatu, wala msipandishe kiasi.

Tena umeme ukikatika kijijini, zimeni vyombo, mngoje urudi na kutulia, kisha mviwashe kimoja kimoja.

Mwendapo dukani Chake Chake, chukueni fyuzi ile iliyokatika mkononi, mkatake nyingine iliyo sawa nayo kwa herufi, kwa kiasi, kwa volti na kwa urefu. Isipopatikana, heri redio inyamaze siku mbili kuliko nyumba kuteketea.